Mkwe wa Bara Mwambani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuosha chambo kwa sabuni.

Na sikuosha juu juu. Niliosha kama ninavyofanya kila kitu, yaani kupita kiasi. Mchana niliofika kwa wakwe, katika kijiji cha pwani kisicho mbali na Lindi mjini, nilikabidhiwa kopo lenye vipande vya ngisi vilivyokaa tangu juzi, nikaambiwa nivitunze, kesho asubuhi tunakwenda kuvua. Kopo lilinuka hadi machozi yakanitoka. Nikawaza: huu ni mtihani, wanataka kuona kama mtu wa bara anajua usafi. Nikatoa sabuni ya kuogea niliyoinunua Nachingwea kwa ajili ya safari, ile yenye harufu ya waridi, nikaosha kipande kimoja kimoja, nikasuuza, nikavipanga ndani ya kopo kuanzia kidogo hadi kikubwa. Nikalala nimeridhika, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Niseme kwanza nilikuwa nafuata nini kule. Mimi ni mtu wa Matambarale, Ruangwa, na miaka ile, mwanzoni mwa elfu mbili, nilikuwa natengeneza redio Nachingwea. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilifungua redio ya baba yeye akiwa shambani, nikaifunga kabla hajarudi, na ikaongea. Tangu hapo nikaamini kwamba hakuna kitu duniani ambacho mtu hawezi kujifunza peke yake, kwa siri, mlango ukiwa umefungwa. Nikawa fundi wa aina ya ajabu: hata redio inayoongea vizuri naifungua tena nihakikishe kwa nini inaongea, na ikinyamaza namlaumu mwenye redio.

Binti niliyempenda alikuwa anajifunza kushona Nachingwea, anakaa kwa shangazi yake. Kwao ni pwani, lakini ni Wamwera kama sisi, na kwa Wamwera mwenye kauli juu ya binti ni mjomba wake. Baba anaulizwa kwa heshima tu. Halafu kuna kulimishwa. Mkwe mtarajiwa anapewa jembe na kipande cha shamba la wakwe, wao wanakaa pembeni wanautazama mgongo wake unavyopinda. Kulima najua. Lakini mjomba wa binti alituma salamu: "Mwambieni sisi hatulimishi. Shamba letu liko majini. Aje avue kitoweo cha mchana mmoja kwa mkono wake, ndipo tuongee."

Habari iliyofuata ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kabla yangu walikuja wachumba wawili, wote wavuvi tangu utoto, wote wakavua, na wote wakakataliwa. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi sikuuliza. Niliona tu kwamba kama wavuvi wamekataliwa, basi mimi lazima niwapite wavuvi. Na bahari nilikuwa sijawahi kuiona.

Nikafanya nilichokijua: nikajifunza. Kwa binamu yangu aliyesoma sekondari niliazima kitabu cha jiografia chenye sura nzima ya uvuvi. Ilikuwa inahusu Norwe na Japani. Baada ya wiki mbili ningeweza kukueleza kwa nini samaki hujaa pale mkondo wa maji ya moto unapokutana na wa baridi, na meli ya Kijapani inavyogandisha samaki ikiwa bado safarini. Kuhusu namna ya kumshika samaki aliye hai mbele yako kitabu hakikuwa na neno. Kuhusu kutapika pia hakikuwa na neno. Inaonekana Wajapani hawatapiki.

Mazoezi ya vitendo niliyafanyia nyumbani Matambarale. Nililaza kinu cha mama ubavu ili kiyumbe, nikakikalia, nikashika mchi, nikawa napiga makasia uani. Mama alirudi kutoka kuchota maji, akasimama na ndoo kichwani.

"Mwanangu, unatwanga nini hapo?"

"Sitwangi, mama. Naendesha mtumbwi."

Jirani yetu, mama mmoja ambaye hakuwahi kupitwa na jambo, alichungulia juu ya ua. "Si nilikwambia? Zile redio zimemwingia kichwani. Msomee dua kabla hajaanza kutangaza habari."

Nikaendelea kupiga makasia. Nilikuwa nimevumilia kejeli nyingi maishani kwa kujiambia kwamba siku moja nitawaonyesha. Hiyo siku moja huwa haifiki, lakini inasaidia sana kuvumilia.

Asubuhi ya kuvua nilipangwa na shemeji, kaka wa binti, kijana wa rika langu mwenye mdomo mpana kuliko mtumbwi wao. Mtumbwi wenyewe ulikuwa gogo la mwembe lililozibwa kwa lami, matambara na vipande vya kandambili. Maji yaliingia polepole, kwa adabu, bila kupumzika. Nilipewa kopo la kuyachota na kuyamwaga. Nilidhani ndiyo kazi ya mgeni, kumbe ndiyo kazi kuu ya chombo kile. Kuvua kulikuwa ni ziada.

Mjomba alisimama ufukweni amevaa koti, jua lote lile. Hakuniambia nivue salama. Alimwambia shemeji: "Angalia asiukwaruze."

Tulipofika kwenye maji ya kiunoni nilichukua kafi, nikaanza kupiga kama nilivyojifunza juu ya kinu. Mtumbwi ukageuka, ukatazama tulikotoka.

"Shemeji," akasema, "unapiga kafi kama unachimbua muhogo."

Nikabadilisha upande. Mtumbwi ukageuka tena. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo ufukweni walituona tukiondoka, tukirudi, tukiondoka. Mmoja akapaza sauti, "Mkishafika mtuletee zawadi!" Shemeji akaninyang'anya kafi.

Mwamba wanakovulia hauko mbali. Ukiwa juu yake unaona kabisa nguo zilizoanikwa kijijini. Tatizo ni kuupata, maana uko chini ya maji na maji yote yanafanana. Shemeji aliniambia, kwa sauti ya mtu mwenye siri kubwa, kwamba mnazi mrefu ukikaa sawa na bati la msikiti, hapo ndipo. Tukazunguka. Mnazi mrefu haukuonekana. Baadaye akakumbuka kwamba ulikatwa mwaka jana, na yeye mwenyewe alikuwepo kwenye kuukata.

"Labda mwamba umehama," akasema.

"Miamba haihami," nikasema.

"Wewe uliuona lini?"

Tukatupa nanga pale alipochoka. Kwa bahati maji yalikuwa safi, na chini kukaonekana mawe meusi na samaki wadogo wa mistari wakipita kama watoto wanaotoka shule. Nilisahau kila kitu kwa dakika kadhaa. Sikutegemea kwamba kungekuwa na rangi kule chini. Halafu shemeji akafungua kopo la chambo.

Alinusa. Akanitazama. Akanusa tena.

"Hii nini?"

"Nimeviosha."

"Kwa nini?"

"Vilikuwa vinanuka."

Alifunga kopo polepole, kama mtu anayefunika maiti. "Shemeji. Unataka kuwavua hawa samaki au unataka kuwaposa?"

Tulijaribu hata hivyo. Nilitundika kipande changu safi kwenye ndoano, nikateremsha mshipi. Nakumbuka nilikuwa nimefunga fundo zuri sana, nimelirudia hadi likakaa sawa. Samaki walikuja. Walikizunguka kipande kile chenye harufu ya waridi, wakakitazama, wakaondoka kwa heshima. Shemeji hakuwa na shida kwa kuwa alikuwa na chambo chake mfukoni, ndani kabisa ya mfuko wa suruali, bila hata karatasi. Akaanza kupandisha samaki aina ya changu, mmoja baada ya mwingine. Kila akipandisha anasema, "Samahani, shemeji."

Jua likapanda. Upepo kidogo ukaanza, na mtumbwi ukawa unainuka na kushuka, jambo ambalo kinu cha mama hakikuwahi kulifanya. Nilijisikia baridi usoni na joto tumboni. Nikajiambia nitazame mbali. Nikatazama mbali, na mbali nako kulikuwa kunainuka na kushuka. Nilikuwa nimekula uji wa ulezi na viazi vitamu vilivyopikwa na mama mkwe mtarajiwa, na nilikuwa nimevimaliza vyote, kwa heshima. Vyote vikarudi.

Mtu mwingine angenipa maji. Shemeji alisimama, mtumbwi ukayumba, akaelekeza kidole majini.

"Angalia! Angalia wanavyokuja! Toa yote, shemeji, usiwanyime!"

Ni kweli walikuja, wadogo kwa wakubwa, wakigombea kifungua kinywa cha mama mkwe. Shemeji alinipa kipande cha chambo kutoka mfukoni, nikateremsha mshipi katikati ya aibu yangu mwenyewe, nikahisi mvuto. Mshipi ulinikata kidole, sikujali. Nikavuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani, na samaki akatua miguuni pangu, mnene, mwenye madoa, macho kama ya mtu aliyeshtuka. Kisha akaanza kuvimba. Akavimba hadi akawa mpira.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Huyu anatosha familia nzima!"

"Anatosha kuimaliza familia nzima," akasema. "Huyo ni bunju, ana sumu. Mrudishe kabla hatujaitwa kwenye mazishi."

Nikamrudisha. Alielea kidogo akiwa amevimba, kisha akapungua, akazama. Nilimwelewa vizuri.

Mpaka wakati wa kurudi nilikuwa nimepata samaki mmoja wa kuliwa, changu wa urefu wa kiganja, na si kiganja cha mtu mzima. Shemeji alikuwa na rundo zima, na juu ya rundo kulikuwa na chewa mzuri, mzito. Hapa nitasema ukweli ingawa haunipendezi: nilimwomba chewa yule. Nilimwambia kwamba mjomba hatajua. Nilimwambia nitamtengenezea redio maisha yake yote.

"Haiwezekani," akasema. "Mjomba atamtazama huyu chewa, halafu atakutazama wewe. Nani atamwamini nani?"

Njia nzima nilikuwa najiandaa kumwambia binti kwamba nimeshindwa mahali walipokataliwa hata walioshinda. Nilipanga na maneno. Nilikuwa bado nayapanga upya, nitafute yaliyo bora zaidi, mtumbwi ulipogusa mchanga.

Mjomba alikuwa pale pale, na koti lake. Nyuma yake walisimama mama mkwe, wanawake wengine wenye mabeseni, na binti mwenyewe, aliyekuwa amekuja siku moja kabla yangu. Nilimwamkia mzee shikamoo, naye akaitikia bila kunitazama. Alikuwa anakagua ubavu wa mtumbwi. Ndipo akaomba aone kitoweo. Nikampa changu wangu. Akamshika mkia kwa vidole viwili, akamwinua juani.

"Huyu ni samaki au ni hereni?"

Watu wakacheka. Mama mkwe akageuza uso kwa heshima, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Shemeji, asiyeombwa, akaeleza habari ya sabuni, akaeleza habari ya uji, akamwigiza bunju kwa mashavu yake. Binti alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga, na sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka.

Mjomba akasubiri kelele zipungue. "Na mtumbwi umeuonaje?"

Kulikuwa na majibu mengi mazuri. Nilikuwa nimeandaa hata sentensi ya kuusifia. Lakini nguo zilikuwa zimelowa, kidole kinavuja damu. "Mjomba," nikasema, "sitaki kuuona tena."

Nikajua nimejizika.

"Tandikeni mkeka," akasema mjomba.

Kisha akawageukia watu kama anayeeleza jambo lililo wazi. "Wa kwanza alirudi na chewa wa kubebwa na watu wawili. Kabla samaki hajapaliwa magamba, ananiuliza, mjomba, ukizeeka mtumbwi huu utabaki kwa nani? Wa pili akaniambia ubavu wa kushoto umeoza, niache aurekebishe. Ameambiwa na nani? Huyu hautaki hata kuuona. Mkwe ndiye huyu."

Shemeji alinikumbatia kwa nguvu. Ndipo nikaelewa kwa nini kutwa nzima alikuwa na furaha ile. Mtumbwi ni wa mjomba, na urithi wa mjomba ni wa mpwa.

Tulikula. Changu wangu alipikwa peke yake katika sufuria ndogo, akaletwa mbele ya mjomba, naye mzee akammaliza kwa tonge moja, akasema alhamdulillahi.

Nilifurahi, bila shaka. Lakini kwenye lori la kurudi, kuanzia Lindi hadi Nanganga, nilikuwa nimekasirika. Mwezi mzima nilijifunza ili nisiwe mjinga, na nimepewa mke kwa sababu ya ujinga. Kama ningekuwa nimejifunza vizuri, kama kile kitabu kingekuwa na sura moja tu juu ya Lindi, ningerudishwa kama wale wawili. Jambo hili lilinisumbua kuliko kutapika. Nilimweleza binti, aliyekaa karibu yangu juu ya magunia. Alisema, "Wewe ungependa ukataliwe kwa ubora," akaegemea gunia, akasinzia.

Tulioana baada ya msimu wa korosho. Watu wa Nachingwea waliniuliza habari za bahari, nikawaambia ni kubwa.

Ni miaka mingi sasa. Mjomba yupo, na mtumbwi bado hajamwachia mtu. Shemeji anaendelea kusubiri. Mimi bado natengeneza redio, na siku hizi simu. Mteja akileta simu ya aina nisiyoijua, zamani ningeipokea, nimwambie aje kesho, nijifungie ndani nayo hadi asubuhi. Sasa namwambia sijui, naifungua mbele yake, na nikiharibu anaona.