Rangi ya Kucha Mfukoni mwa Fundi

“Shangazi, kwa nini hukai?”

Mtoto wa kaka yake ndiye aliyeuliza, akiwa bado na pengo mbele ya mdomo. Jioni hiyo Shangazi alikuwa akinywa chai yake wima: funda moja jikoni, la pili mlangoni, la tatu uani, kisha huyo tena jikoni. “Lete hicho kisahani,” akasema, akatoka tena uani.

Kwa kawaida pia hakuwa mtu wa kukaa. Kiti kwake kilikuwa cha kutundikia ovaroli. Alikuwa fundi wa injini, na katika gereji nzima ni yeye peke yake aliyetembea na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, ilhali kucha zenyewe zilikuwa nyeusi kwa oili.

“Dada, hiyo rangi utajipaka lini?” wenzake walimtania.

“Kucha zangu zinajua pa kukaa. Gia ndizo zinazosahau.”

Kabla hajafungua kitu, alikitia doa. Doa kwenye gia, doa kwenye cheni, ili wakati wa kufunga kila kimoja kirudi pale pale alipokikuta. Ugonjwa huo aliuleta hadi nyumbani kwa kaka yake alikoishi: mfuniko wa sufuria una doa, miguu ya meza ina madoa. Kaka yake aliwaonya watoto wasisimame mahali pamoja kwa muda mrefu, wasije wakatiwa doa na wao.

Lakini jioni ile ya chai ilikuwa nyingine kabisa. Kilichomzungusha ni gari la Mkunga.

Mkunga alikuwa mama wa makamo aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa, na gari lake lilikuwa miguu yake. Lilipoanza kutetemeka na kuzimika kwenye makutano ya barabara, taa ya injini ikiwa imewaka, alilileta kwa Shangazi. Shangazi akachomeka mashine ya kupimia, mashine ikatoa namba ya kosa. Maana yake ilikuwa hivi: ndani ya injini kuna shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, na kuna ya juu inayofungua na kufunga vali. Cheni moja inaziunganisha ili zicheze ngoma moja. Sasa moja ilikuwa inachelewa.

“Cheni imelegea,” Shangazi akasema. Akatia madoa yake, akaitoa, akafunga mpya, doa kwa doa. Akaifuta namba kwenye mashine, taa ikazimika, Mkunga akaondoka akipiga honi.

Akarudi. Taa imewaka, namba ni ile ile. Shangazi akabadilisha sensa, kile kifaa kinachopima mzunguko wa shafti, akafuta namba. Mkunga akaondoka, akarudi tena. Shangazi akakagua waya mmoja mmoja, akaukuta kila mmoja mzima.

“Fundi wangu, au limerogwa?”

“Halijarogwa. Linasema kitu, ila mimi ndiye sijalielewa.”

Hapo bosi akachoka. “Dada, futa hiyo taa umpe mtu gari lake! Mteja haoni cheni, anaona taa. Na cheni umeshaweka mpya, unataka uweke nini tena, babu yake?”

Shangazi alibisha. Lakini Mkunga alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba wa kazi mapajani, anachungulia saa. Shangazi akabonyeza, taa ikafa. Mkunga akasema asante, na asante ile ikamkaa Shangazi kooni kama mwiba wa samaki.

Ndiyo maana jioni ile chai ilinywewa wima.

Alipoingia sebuleni kwa mara nyingine, kaka yake alikuwa juu ya stuli anatundika saa ya ukutani. Ilikuwa imelala tangu asubuhi, naye ametoka kuitia betri mpya.

“Haya, inatembea!” akajisifu.

“Baba, inatembea lakini inadanganya,” mtoto akasema. “Hujasogeza mishale.”

Kweli. Betri mpya, mishale pale pale ilipolalia. Ingetembea vizuri mpaka mwaka uishe, na isingesema kweli hata saa moja.

Shangazi akasimama tuli. Nyumba nzima ikaona kwamba amesimama.

“Nimetia doa kwenye kosa,” akasema polepole.

“Doa gani tena?”

“Cheni ilipolegea iliruka jino la gia. Ilikuwa imesharuka nilipotia madoa! Nimeirudisha pale pale nilipoikuta. Cheni mpya, kosa la zamani.”

Akapiga simu. Mkunga alipokea kwa sauti ya haraka: mama mmoja kashikwa na uchungu, yeye yuko njiani, gari linatetemeka kama lina homa.

Kusema ukweli kungeweza kumponza kazini. Akasema hata hivyo:

“Egesha pembeni, usiliendeshe tena. Nimefunga cheni vibaya. Ni mimi.”

“Ndiyo unaniambia sasa?”

“Naam, sasa. Nakuja.”

Akachukua pikapu ya kaka yake, bado yuko na ndala, akamkuta Mkunga barabarani na mkoba wake mkononi. Walipofika kwa yule mama mwenye uchungu, Mkunga aliingia ndani, Shangazi akabaki nje anaizunguka pikapu, anaizunguka, hadi aliposikia kichanga kinalia. Hapo ndipo alipoegemea mlango.

Kesho yake, gari lilipovutwa hadi gereji, aliyafuta madoa yake yote, akafuata alama zilizochongwa kiwandani kwenye gia zenyewe. Jino moja! Jino moja tu lilikuwa limerukwa. Taa haikuwaka tena. Ila bosi, aliposikia kwamba mteja ameambiwa, alimhamishia kwenye matairi. “Fundi hatangazi kosa lake,” alisema. Mkunga naye alikuwa akipita na gari lake mbele ya gereji bila kugeuza shingo.

Alikuja kugeuza baadaye, miaka imekwenda, bosi ameshachoka kumnunia, Shangazi amerudishwa kwenye injini na yule mtoto wa kaka yuko sekondari. Mkunga aliingiza gari, akasema, “Badilisha oili tu, fundi,” lakini alisema fundi.

Gari lilipotoka, Shangazi alilisikiliza likikata kona, kisha akavuta tairi kuukuu, akaketi juu yake. Msichana huyo wa kaka yake, aliyekuwa amempelekea chakula, akaduwaa.

“Shangazi, umekaa! Unakumbuka nilikuuliza kwa nini hukai, siku ile ya saa ya Baba?”

Shangazi alijipangusa oili kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

“Nakumbuka. Kulikuwa na mtu barabarani, mwanangu, na mimi ndiye niliyemwambia gari lake limepona.”