Mapeasi ya Dhamana

Shangazi yangu alikaa misimu minane bila kula wala kuuza hata peasi moja la miti yake mwenyewe, na aliyemsababishia hayo ni mimi. Sikufanya makusudi. Lakini kalamu niliishika mimi.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshaingia, mitumba imejaa Mombo, na serikali imeacha kumsomesha mtu bure chuo kikuu. Unakopeshwa, na ukitaka kukopeshwa ulete mdhamini mwenye mali isiyohamishika. Wazazi wangu walifariki nikiwa darasa la nne. Aliyenilea ni shangazi, dada yake baba, mjane aliyelima kabichi na karoti kwenye matuta juu ya Lushoto na kumlea binti yake mmoja pamoja nami. Shamba lilikuwa la ukoo wa marehemu mumewe, na nyumba nayo imo humo humo. Tukaikodolea macho ile fomu ya mkopo. Nikamuuliza, sasa shangazi, chako hasa ni kipi?

"Mipeasi mitatu," akasema. "Niliipanda kwa mkono wangu."

Kwetu ardhi inaweza kuwa ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda, na hakuna shemeji wa kubisha. Nikaandika: mipeasi mitatu, inazaa. Mtendaji wa kijiji alicheka mpaka miwani ikamshuka puani, ila muhuri akapiga. Shangazi akaweka kidole gumba. Kisha mtendaji akajikohoza na kusema kwa sauti ya kiofisi, "Mama, kuanzia leo miti hii iko dhamana mpaka binti amalize deni."

"Nimesikia," shangazi akajibu.

Mimi hata sikugeuza shingo. Mawazo yangu yalishafika Dar es Salaam.

Chuoni hela ya kujikimu tuliita bumu. Siku ya kusaini bumu foleni ilianza alfajiri, na mimi nilikuwa wa mbele, viwiko nje, sikusukumwa na mtu. Ila kusaini si kazi. Kazi ni kubaki na haki ya kusaini. Mwaka wa pili nikaanguka somo la takwimu, nikapangiwa mtihani wa marudio, ambao tuliuita sapu. Ukifeli sapu unarudishwa kwenu, mkopo unakatwa, na ulichokwisha kula unadaiwa vile vile. Nikapanda milima likizo ile ya Julai nimenuna, nikamwambia shangazi labda nitafute kazi ya ualimu, chuo si lazima.

"Si lazima kwa nani?" akauliza.

Jamani, sijawahi kumwona amekasirika vile. Aliniondolea jembe mkononi. Kuni nisikate, maji nisichote, sokoni nisiende. Kwa wiki sita nilikula bada, ule ugali wetu wa muhogo, kwa mboga ya mchunga, na nilisoma takwimu mpaka nikaziota. Nikafaulu, tena vizuri. Nilirudi chuoni nikijisifu kwamba nina shangazi anayependa elimu kuliko walimu wenyewe.

Nikamaliza, nikapata kazi Dodoma. Mwaka wa kwanza kazini sikudaiwa. Wa pili vile vile. Wenzangu ofisini walicheka, "Hela ya serikali hiyo, nani analipa? Subiri waje na mbwa." Nami nikacheka nao, sitaki kudanganya. Nikanunua simu ya mkononi, nene kama mche wa sabuni, nikawa naipigia kelele barabarani ili watu wageuke.

Mwaka wa tatu likizo yangu ikaangukia Februari. Siku zote nilikuwa nikienda nyumbani katikati ya mwaka, mipeasi ikiwa haina kitu, au nikienda kwa siku mbili za msiba na kurudi. Sasa nikashuka basi na sukari yangu kilo tano, nikakata kona ya mwisho ya njia, na nikasimama. Mipeasi mitatu imeinama kwa mzigo, kila tawi limeegemezwa mti wa kulishikilia. Chini yake ardhi ni ya njano, mapeasi yameoza, nyigu wanavuma. Na njiani wamesimama watalii wawili waliokuwa wakielekea Irente, noti mkononi, wanamwonyesha shangazi matunda kwa kidole. Shangazi anatikisa kichwa.

"Si ya kuuzwa," anawaambia.

Wakaenda zao. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu, umekonda."

"Shangazi, unafukuza hela?" Huku nasema nimenyoosha mkono, nimechuma moja. Hata sijalifikisha mdomoni, nikapigwa kofi mkononi, pwaa! Peasi likaanguka. Mimi, mtu na digrii yangu!

"Hilo si letu," akasema. "Hiyo miti iko dhamana. Ulikuwepo siku ile."

Nilihitaji muda kuelewa. Misimu sita, hiyo ndiyo ilikuwa ya sita, alikuwa akiipogolea, akiiwekea samadi, akiegemeza matawi, ili serikali ikija kuchukua miti yake isije ikaikuta imekauka kwa uzembe wake. Mpita njia akiokota lililoanguka, hilo ni lake na Mungu wake. Lakini mtu wa nyumba ile haligusi. Mdogo wangu, binti yake, alikuwa amekua akiyatazama tu.

Nikawaka. Nikamwambia dhamana haikatazi mtu kula tunda, wanaweza kudai miti iwapo hatulipi, basi, matunda ni yake, angeuza Mombo kila msimu kwa wasafiri wa Moshi. "Nani alikwambia usile?"

"Kitu cha amana hakiliwi," akasema. "Kuna haja ya kuambiwa?"

"Shangazi, mimi nimesoma haya mambo!"

"Umesoma, ndiyo." Akainama, akaokota lile peasi, akaliweka pembeni ya njia kwa ajili ya mpita njia. "Umelipa?"

Nikaingia ndani na sukari yangu. Katikati ya chumba kulikuwa na ndoo, maana bati lilikuwa linavuja, na mapeasi yaliyooza nje yangeezeka nyumba ile mara mbili. Ile simu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliona aibu mpaka masikio yakachemka.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza baadaye, tukichambua mboga.

"Ningekwambia ungeshinda na hofu ya miti, usisome. Na dawa ya deni ni kulipa, si kuambiana."

Nilipotoka likizo nilipitia Dar es Salaam, nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya mikopo. Karani aliniangalia kama nimepotea njia.

"Umekuja kulipa? Nani amekutuma?"

"Miti," nikamwambia.

Nikakatwa mshahara karibu miaka mitatu. Bati la shangazi nalo nikalinunua, kidogo kidogo. Wenzangu wa Dodoma waliniita mshamba. Nikawajibu ndiyo, tena wa milimani, na nikaendelea na hali yangu. Sijutii hata senti. Kuna raha ya kudaiwa na kulipa ambayo wao hawaijui, unatembea katikati ya barabara, humkwepi mtu.

Barua ya kumaliza deni niliipokea Januari. Februari nikapanda nayo. Nilimsomea shangazi neno kwa neno, nikamfasiria kwa Kishambaa palipokuwa pagumu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Sasa kamwite mtendaji. Aliyefunga ndiye afungue."

Yule mtendaji alikuwa amestaafu, anafuga ng'ombe wawili upande wa pili wa bonde. Nilimkuta anakata majani. Nilipomweleza maneno aliyoyasema siku ile, akashika kichwa. "Mimi? Mimi nilisema hivyo? Mbona sikumbuki!" Alipofika chini ya mipeasi akaona shangazi alivyoitunza, akavua kofia. Akaisoma barua yote, kisha akasema kwa sauti ile ile ya kiofisi, "Mama, miti yako imetoka dhamana."

"Nimesikia," shangazi akajibu.

Akachuma moja la tawi la chini, akalifuta kwa kanga, akasema bismillahi, akang'ata. Tulimtazama wote, mimi, mtendaji, na mdogo wangu aliyekuwa amekuja nyumbani kutoka shule. Maji ya peasi yakamtiririka mpaka kwenye kidole gumba.

"Mdogo wako anamaliza kidato cha sita mwaka huu," akaniambia, mdomo umejaa. "Fomu yake ikitoka niletee. Miti ipo."

"Hapana shangazi. Safari hii mdhamini ni mimi."

Akaacha kutafuna. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Wewe una mti gani?"

"Sina mti. Nina mshahara."

Akalifikiria hilo, akameza, akaifuta mikono yake kwa kanga.

"Haya," akasema. "Basi usiule."