"Tunga, lakini usimuue": jirani wa Baraka aliyenifundisha kutunga hadithi

Wakuu, habari za humu. Mimi ni bibi wa miaka mingi, mjukuu ndiye ananichapia, kwa hiyo makosa ya herufi mlaumuni yeye. Ninayosimulia yalinipata mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Nimesoma uzi wa vijana wanaolalamika kwamba hadithi zote zimeshatungwa, hakuna jipya. Nikacheka. Hata mimi niliamini hivyo, nikiwa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru.

Niliolewa huko nikitokea Lubondja. Sisi watu wa shamba, wao watu wa ziwa. Hata kuanika ndagala, wale dagaa wetu, sikujua.

Wanawake wa mtaa ule walimenya mihogo pamoja kila alasiri. Bibi harusi akifika anatakiwa atoe hadithi. Ndiyo hodi yake.

Nikatoa ya sungura na chui. Jamani! Sijafika katikati, wakaanza kunimalizia.

"Ile tunajua zamani," mama mkwe akasema. "Siku ingine ulete yako."

Hakusema kwa ubaya. Lakini toka siku hiyo nikawa nakaa pembeni, namenya kimya. Upweke ulinibana mpaka nikamwambia mume wangu nataka kurudi kwetu. Akaniomba ningoje kidogo.

Sasa, mimi nina ugonjwa mmoja: udadisi.

Kulikuwa na jirani, Mama Sifa. Kila asubuhi anafagia vipande viwili vya mchanga ufukweni. Kimoja anaanika ndagala, cha pili anakiacha kitupu. Watu wanapita, hakuna anayeshangaa, walishazoea. Mimi mgeni nikauliza.

"Pale ni pa bwana yangu," akanijibu. "Alienda Kazimia na mutumbwi, hajarudi mupaka leo. Akirudi na samaki, ataanika wapi?"

Baadaye nikamwomba ruhusa nikitungie hadithi kile kipande kitupu. Akanitazama kwanza.

"Tunga. Lakini usimuue."

Wakuu, hapo ndipo nilipojua kutunga ni kazi! Nikimuua, namvunja moyo mama wa watu. Nikimrudisha, namdanganya, maana kesho ataamka na mume hayupo. Miisho yote niliyoijua ikawa haifai. Niliwaza mpaka bugali ukaniungulia, mama mkwe akasema Lubondja hawafundishi kupika.

Hatimaye nikawaambia wamenya mihogo kwamba nina yangu.

Nikasimulia habari za mwanamume aliyesukumwa na upepo hadi ufukwe wa mbali. Hana mtumbwi wa kumrudisha. Kila asubuhi anafagia vipande viwili vya mchanga. Wenyeji wanamuuliza, hiki cha pili cha nani? Anajibu, "Cha mke wangu. Siku akinifikia, ataanika wapi?"

Nikaishia hapo.

Hakuna aliyenimalizia. Visu vyote vilikuwa vimesimama. Mimi namtazama Mama Sifa tu, najua nikiwa nimemuumiza basi kesho nafunga mzigo.

Machozi yalikuwa yanamtoka. Akauliza, "Huyo bwana anafagia muzuri?"

"Anafagia muzuri, mama."

"Basi si wangu! Wangu hakujuaka hata kushika ufagio!"

Kicheko kikapasuka, naye akicheka kuliko wote huku anajifuta macho. Kisha akasogea kwenye mkeka wake, akaniachia nafasi.

"Kuja uikale huku, mutoto yangu. Uanze tena, batoto bangu basikie."

Mzigo sikuufunga. Nimezaa na kuzeeka palepale Baraka, na hadithi nyingi nimezitunga tangu hapo. Mama Sifa ametangulia, namshukuru kila ninaposali.

Vijana, jipya haliko mbali. Liko pale ambapo watu wameacha kuuliza. Ukilipata, usilikimbize kwenye mwisho uliokwisha kuusikia. Mfikirie kwanza mwenye nalo, yeye ndiye atakayekulazimisha kutunga kweli.

Haya, nanyi mlipataje hadithi yenu ya kwanza? Semeni, na mwenye swali aniulize bila woga. Swali moja ndilo lililonipa pa kuita kwetu.