Mwalimu Wawira na Ploti Themanini na Tano

Mwalimu Alice Wawira alifundisha chekechea miaka thelathini na mmoja, na hata sasa amestaafu hawezi kumpita mtoto njiani bila kumfunga kifungo cha shati. Huzungumza polepole na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, na akikueleza jambo hungoja kidogo aone kama limeingia. Vibao vya maduka vilivyoandikwa vibaya humsumbua kama jino. Nimewahi kumwona akivuka barabara na kipande cha chaki ili kumwekea mwenye hoteli herufi aliyoisahau kwenye ubao wa vyakula, kisha akarudi ametulia kabisa.

Namjua vizuri kwa sababu mimi ni mpangaji wake. Naitwa Kaari, fundi wa kushona sare za shule. Ndoa ndiyo iliyonileta Runyenjes kutoka Meru, na ingawa ndoa yenyewe haikukaa, mimi nilibaki. Nina mwaka wa tisa katika chumba cha mbele cha ploti ya Mwalimu. Shule zikifungwa na wateja wakipungua, yeye mwenyewe huja kuniambia kodi ya chumba ingoje. Tena hunong'ona, utadhani ndiye anayedaiwa.

Mwezi wa pili mwaka jana, vijana wawili wa kaunti walipita sokoni wakibandika karatasi milangoni. Ya kwetu ilisema ploti namba hamsini na nane haijalipiwa kodi ya ardhi, ile tunayoita reti, kwa miaka kumi na mmoja, na kwamba deni limeshazaa faini. Nilimpelekea Mwalimu nyumbani. Aliisoma, akacheka, akasema vijana wamekosea mlango. Kisha akaingia chumbani akatoka na daftari la mahudhurio la shule, lile refu lenye mistari ya bluu. Humo, mahali pa majina ya watoto, alikuwa amebandika risiti za kodi ya ploti, moja kwa kila mwaka, kwa gundi ya uji wa unga wa ngano. Hakuna mwaka uliokosekana.

Aliniomba nimsindikize Embu. Alivaa koti lake la kijani la kanisani, akalikumbatia lile daftari safari nzima.

Katika ofisi ya mapato ya kaunti tulihudumiwa na msichana aitwaye Igoki. Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba amekuja kusahihisha kosa, na kwamba hana hasira na mtu. Igoki alifungua daftari, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akaruka hadi wa mwisho. Aliangalia kompyuta yake, akarudi kwenye daftari. Halafu akaligeuza likamtazama Mwalimu.

"Mwalimu, ploti yako ni namba ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Hebu nisomee hapa kwa risiti."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena. Alisoma kimya, akafungua ukurasa mwingine, na mwingine.

"Themanini na tano," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Kosa lilikuwa lake: tano na nane zilikuwa zimebadilishana nafasi. Zamani aliyekuwa akilipia ploti ni mumewe, Mzee Gitari. Mzee alifariki mwishoni mwa mwaka wa 2013, na miezi michache baada ya mazishi Mwalimu alikwenda kulipa peke yake kwa mara ya kwanza. Hakumbuki aliandika nini siku hiyo. Anakumbuka tu kwamba kalamu ya ofisi ilikuwa imefungwa kwa kamba, na kwamba mtu nyuma yake alikuwa na haraka. Kila mwaka uliofuata alinakili namba kutoka risiti ya mwaka uliotangulia. Pesa zake zote zilikuwa zimeingia kwenye ploti ya mtu mwingine.

Igoki alituhurumia. Alituandikia kwenye karatasi mambo ya kufanya. Ikiwa mwenye ploti themanini na tano atakubali, wao wawili waandike barua kwamba malipo yale ni ya Mwalimu, waitie sahihi, walete na nakala za vitambulisho, naye atayapeleka malipo mahali pake. Mwenye ile ploti nyingine ndiye atakayebaki na deni, lakini kaunti ilikuwa imetangaza msamaha wa faini hadi mwisho wa mwezi wa sita, na angeweza kulipa kidogo kidogo. Alisema mambo haya mara mbili, polepole. Nadhani Mwalimu alimpenda kwa hilo.

Nje tulikaa kwenye benchi. Nilitarajia azungumze juu ya pesa.

"Kaari," alisema, "nimefundisha watoto wangapi kutofautisha namba hizi?"

Nilimnunulia soda.

Mwenye ploti themanini na tano tulimjua, na hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu. Ni Mzee Njoka, anayeuza miche ya makadamia na parachichi upande wa chini wa soko. Mzee Njoka ana mtoto mmoja wa kiume, Nyamu. Miaka mingi iliyopita Nyamu aliuza pikipiki ya baba yake bila ruhusa, akaenda zake Nchiru, kule Meru, na wawili hao wakakata uhusiano kabisa. Kisha mwaka mmoja Mzee akaenda Embu kuuliza anadaiwa kiasi gani, maana alikuwa hajalipa kitu, akaambiwa hadaiwi. Kuna mtu amekuwa akilipa. Mzee alifikiri njia nzima ya kurudi, akaona ni mtu mmoja tu duniani mwenye sababu ya kumlipia kimya kimya bila kutaka kujulikana. Jioni ileile alimpigia Nyamu simu. Tangu hapo walikuwa wanazungumza kila Jumapili, na Krismasi Nyamu huja na watoto. Hadithi hii Mzee aliisimulia sokoni kwa yeyote aliyenunua hata mche mmoja. Mimi niliisikia mara nne.

Mwalimu alikaa nayo wiki tatu. Hakulala vizuri, niliona machoni. Siku moja alinidokezea kwamba anafikiria kumuuza ng'ombe wake wa maziwa, alipe deni la ploti hamsini na nane lote, na mambo yaishie hapo. Nilimgombeza, Mungu anisamehe, mimi mpangaji. Nilimwambia yule ng'ombe ndiye chakula chake, na kwamba hakuna sheria inayomtaka mtu alipe mara mbili kwa ajili ya furaha ya jirani.

"Pesa hutafutwa," alisema. "Lakini yule mzee akimpoteza mtoto mara ya pili, atampata wapi?"

Nilimwuliza kama yeye, akiwa Njoka, angependa kuishi ndani ya jambo lisilo la kweli. Jumanne asubuhi alikuja dukani amevaa koti la kijani, akaniomba nifunge cherehani twende.

Mzee Njoka alikuwa akinyweshea miche kwa debe lililotobolewa matundu. Mwalimu hakuzunguka. Alifungua daftari, akamwonyesha namba, akamweleza alivyokosea mwaka wa kilio chake na barua inayotakiwa Embu, na akamwomba radhi. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kulitua debe, maji yakimwagika yote kwenye mche mmoja.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Lakini sikukusudia, Mzee."

Alisema atatia sahihi, maana yeye si mwizi. Hakutukaribisha kukaa. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona amejaza debe upya na kurudi kunyweshea mstari uleule. Mwalimu alipofika nyumbani alijifungia.

Siku ya tatu Mzee Njoka alikuja kwenye duka langu akimtafuta Mwalimu. Nilimtuma mtu amwite. Mzee aliketi kati ya vitambaa vya sare, kofia magotini, na Mwalimu alipoingia alianza kueleza bila hata salamu, akiangalia kofia.

Alikuwa amempigia Nyamu, siku isiyokuwa Jumapili, akamwuliza waziwazi kama aliwahi kulipia ploti hata shilingi moja. Nyamu akasema hapana. Ploti gani? Mzee akapandwa na hasira, akamwuliza basi miaka yote hii alikuwa akipokea shukrani za nini.

Hapa inafaa nieleze kwamba Mzee Njoka ni wa watu wale wasiomtajia mtoto pesa. Kwake, kumshukuru mwanawe kwa kiasi fulani cha shilingi ni kumfanya kibarua. Kwa hiyo siku ile ya kwanza alikuwa amesema tu: asante kwa ulichofanya. Na hivyo hivyo kila Krismasi.

"Unajua alinijibu nini?" Mzee alisema. "Alisema, 'Baba, nilidhani unanishukuru kwa kupokea simu yako. Sikutaka kuuliza zaidi, nisije nikaharibu.'"

Alijaribu kucheka, akajifuta pua kwa kofia. Mwalimu alivuta kiti akakaa karibu naye. Yeye aliyezoea kueleza kila jambo mara mbili aliliacha hilo lilivyo. Kisha Mzee alimwambia kwamba amewaza sana, na anaona kosa la Mwalimu ndilo lililomfanya ashike simu, lakini maneno yaliyofuata yalikuwa ya kwao, yeye na mtoto wake, na hayo hakuna ofisi ya kuyahamisha.

Barua iliandikwa na Nyamu mwenyewe. Ana kibanda cha kuchapa na kutoa nakala karibu na chuo kikuu kule Nchiru, na kazi za wanafunzi zimemfundisha kuandika barua safi. Aliileta kwa mkono wiki ya pili ya mwezi wa sita, kwa gari la kuazima. Ni mtu mnene mwenye haya, anayefanana na baba yake masikioni. Mwalimu aliisoma barua yote kwa makini, akapata koma moja isiyo mahali pake, na akaisamehe.

Tulikwenda Embu sote wanne. Igoki alipokea karatasi, akauliza maswali machache, na malipo ya miaka kumi na mmoja yakahamia ploti hamsini na nane. Mwalimu akapewa cheti cha kutodaiwa. Faini ya Mzee Njoka ilifutwa. Deni lenyewe walipanga kulipa kwa miezi kumi na minane, nusu baba, nusu mwana, ingawa walibishana pale dirishani juu ya nani alipe fungu la kwanza hadi mlinzi akaja kutazama kuna nini. Nyamu alishinda kwa sababu malipo ni ya simu, na yake ndiyo iliyokuwa na chaji.

Baadaye Mzee alitununulia wali na nyama, akamlazimisha Mwalimu kuongeza. Mvua ilitukuta njiani tukirudi, Nyamu akiendesha. Mwalimu alikuwa amelala kiti cha nyuma, kichwa begani kwangu, mdomo wazi kidogo, cheti ndani ya daftari na daftari mapajani. Mbele, baba na mwana walikuwa wakisemezana juu ya bei ya miche. Nyamu alipomwona Mwalimu kwenye kioo alimgusa baba yake mkono, nao wakaendelea kwa sauti ya chini.