Bonge Alivyokonda

Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, Bonge alivaa sketi mbili. Ya ndani ilikuwa nzito, ya baridi, na ya nje ile nyeusi ya kazi. Kati ya hizo mbili alizungusha kitambaa kiunoni, akakaza, akajigeuza upande huu na ule mbele ya kioo cha kabati. Kisha akashughulikia kichwa. Nywele za pembeni alizichambua mpaka zikajaa na kufunika mashavu, za mbele akazishusha hadi kwenye nyusi. Alikuwa msusi, alijua anachofanya. Uso mnene hupandishiwa nywele juu, pembeni zikabanwa, ili uonekane mrefu. Uso uliokonda hufanyiwa kinyume chake. Ile ya kwanza alikuwa akiwafanyia wateja miaka yote. Hii ya pili alijifanyia mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Jina la Bonge alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, siku ile ile alipoletwa ukweni. Wifi alisimama mlangoni, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Kaka, umeoa mke au umeoa wawili kwa mpigo?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Bonge akacheka nao, maana angefanya nini? Jina likaganda. Saluni Bonge, sokoni Bonge. Hata mume wake, fundi wa matairi, alimwita hivyo mbele ya wenzake, na wakiongozana barabarani alikuwa akitangulia kama mtu aliyekutana naye njiani tu.

Kwa hiyo alipoanza kupungua, mwanzoni alifurahi. Nani asingefurahi? Hakuwa amejinyima kitu. Alikula kama kawaida, tena zaidi ya kawaida, njaa ilikuwa haimwishi, lakini mwili ukawa unaondoka wenyewe. Bangili alizokuwa akizivua kwa sabuni zikawa zinadondoka kwenye beseni la kuoshea nywele. Mume akaanza kurudi nyumbani jua likiwa bado linawaka. Jumapili moja alimshika mkono, mchana kweupe, wakapita mbele ya karakana, akawaambia wenzake, "Mmemwona mama watoto?" Bonge alijisikia kama mtu aliyeolewa upya, na safari hii ameolewa na anayemtaka.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu. Vioo upande mmoja, viti vitatu, draya mbili, beseni lenye ufa, na sakafu isiyokwisha nywele hata ukifagia vipi. Mwenye saluni aliitwa Madam, na Madam alikuwa na jicho la biashara. Alitafuta picha ya Bonge ya zamani, akaikuza, akaibandika ukutani. Kando yake akabandika picha mpya. Chini ya picha akapanga makopo ya unga wa kijani, na karibu na mlango akaweka mizani. Mteja akiingia, kwanza apande mizani, ndipo akae kwenye kiti.

"Nywele na mwili vinakwenda pamoja," Madam aliwaambia. "Msusi wangu atakuinua uso, unga utakushusha tumbo. Ukifika nyumbani, mumeo atakuomba namba ya simu."

Bonge hakuwahi kuuonja ule unga, na Madam alilijua hilo.

"Nimekwambia useme uongo?" Madam alimuuliza siku alipolalamika. "Wewe suka. Wakikuuliza, cheka. Mengine niachie mimi na ukuta wangu."

Lakini wateja walikuwa na macho yao. Waliiona chupa ya maji ya Bonge, chupa kubwa, ambayo ilikuwa haikauki mkononi. Bonge alikuwa na kiu isiyosikia maji. Anakunywa, anaijaza bombani, anakunywa tena, halafu ghafla anaomba radhi, anaacha kichwa cha mtu na kukimbilia choo cha uani.

"Mmeona?" alisema muuza vitambaa wa duka la jirani, mwanamke mwenye sauti ya kuuzia. "Tunahangaika bure na mandimu. Siri ni maji. Yanaosha mafuta yote, yanatoka nayo."

Siku iliyofuata wengine wakaja na chupa zao. Mchana kukawa na foleni chooni, wanawake wazima wamebana miguu, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, wanagombana nani ametangulia. Bonge alicheka nao mpaka machozi yakamtoka. Machozi yale hayakuwa ya kicheko yote.

Maana yeye alikuwa anaijua kiu ile. Mama yake mzazi alikonda hivyo hivyo, na jagi la maji kando ya kitanda, na kidonda mguuni kilichoanza kidogo kama alama ya mbu. Akiambiwa aende hospitali, anasema kesho. Alisema kesho, kesho, mpaka wakamzika. Na sasa Bonge alikuwa na kidonda chake. Sindano ya kushonea nywele ilimchoma kidole gumba, kitu kidogo ambacho wasusi hunyonya na kusahau. Chake hakikupona. Kilikaa chini ya plasta, kimelowa, kila alipobadilisha plasta kimepanuka kidogo. Na mwili ulipozidi kupungua kupita hata ile picha mpya ya ukutani, ndipo akaanza kuvaa sketi mbili.

Kwa nini basi hakwenda hospitali? Alijijibu mara nyingi akiwa anasuka, kwa kuwa kusuka kunaacha kichwa cha msukaji wazi. Akienda, watautaja ugonjwa kwa jina. Ukishatajwa, picha itabanduliwa ukutani na yeye atabanduliwa nayo. Na wakimpa dawa, mwili utarudi. Mwili ukirudi, mume atatangulia tena barabarani. Alikuwa anaogopa kufa, lakini kufa kulikuwa mbali kidogo, na kule kuachwa nyuma njiani alikuwa anakukumbuka vizuri.

Ndipo wifi yake alipokuja.

Aliingia bila mzaha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mume wa wifi alikuwa amepata mwanamke mwingine, mwembamba kama ufito, mtaa mzima unajua. Wifi akapanda mizani, akafumba macho, akashuka bila kuuliza kitu.

"Wifi," alisema alipokaa, "nifanye niwe kama wewe."

Bonge alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alikata uzi wa kushonea nywele, akaupima kutoka paji la uso mpaka kidevu, kisha akaulaza kutoka shavu hadi shavu.

"Uso wako wa mviringo," alisema. "Tukuinulie hapa katikati, pembeni zilale. Na usikate nywele fupi za mbele, zitakufanya uonekane sahani."

"Kwani sasa hivi naonekana nini?"

"Sufuria."

Wakatazamana kwenye kioo, wakaangua kicheko wote wawili. Tangu Bonge aolewe, ilikuwa mara ya kwanza kucheka kitu kimoja bila mmoja wao kuwa ndiye anayechekwa. Alimsuka vizuri sana siku ile. Lakini Madam alipomletea wifi kopo la unga, Bonge aliinama akatafuta kitana ambacho kilikuwa mkononi mwake.

Baada ya wiki kadhaa wifi alirudi. Uso ulikuwa umechongoka, midomo imepasuka, macho yanang'aa vibaya. Akaomba apimwe tena kwa uzi, na alipoona upana umepungua akapiga makofi kama mtoto. Bonge akaanza kugawa nywele kwa mkia wa kitana. Nywele zikaja nacho. Si kukatika; zilikuwa zinang'oka na mizizi yake myeupe, fungu zima, na mwenyewe hasikii hata maumivu. Bonge alizikunja kiganjani, akazitia mfukoni mwa aproni.

"Unakula, wifi?" alinong'ona.

"Asubuhi unga, jioni unga."

"Na katikati?"

"Katikati naangalia picha yako."

Kwenye kaunta Madam alikohoa. Hakuwa na mafua. Bonge akaendelea kusuka, akilegeza vidole ili asimng'oe zaidi.

Jumamosi moja saluni ilikuwa imejaa pomoni. Wifi alikuwa chini ya draya, naye Bonge anamsuka yule muuza vitambaa, amefika katikati ya kichwa. Ghafla wifi aliteleza kutoka kwenye kiti kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Kichwa kikagonga mkono wa kiti. Wanawake wakapiga kelele.

Walimlaza sakafuni, juu ya nywele za watu, wakamwinua miguu. Madam alimpepea kwa gazeti huku akisema, "Ni joto tu, jamani, ni joto tu." Bonge akakoroga maji ya sukari, akamnywesha kidogo kidogo, akimshikilia shingo. Shingo ilikuwa nyepesi mno. Wifi akafumbua macho.

"Joto au ule unga?" aliuliza muuza vitambaa.

Watu wakaanza kunong'ona. Madam alicheka, kicheko chake cha mbele ya wateja.

"Unga umefanya nini? Muulizeni huyu hapa, yumo humu mwaka mzima, ameanguka lini? Bonge, hebu waambie."

Wote wakageuka. Bonge alikuwa bado amepiga magoti, kikombe mkononi. Cheka tu, ndivyo alivyoambiwa. Alijaribu, mdomo ukakataa.

"Mimi sijawahi kuunywa," alisema.

"Anatania huyo," Madam alisema haraka.

"Sitanii. Sijaunywa hata kijiko. Mimi naumwa. Kukonda huku ni ugonjwa, na mama yangu alikufa hivi hivi." Akazirudisha nyuma nywele za pembeni kwa mikono miwili ili wayaone mashavu. Kisha akabandua plasta, akanyoosha kidole gumba katikati yao, kimevimba, kinatoa maji. "Tazameni. Nimejichoma na sindano, na mpaka leo hakijapona."

Draya iliendelea kuunguruma bila kichwa ndani yake. Kisha muuza vitambaa akacheka puani.

"Huyu naye! Ugonjwa gani unapendezesha mtu hivyo? Basi na mimi niambukizwe."

Kicheko kikazunguka chumba. Walikuwa wameogopa, na sasa wamepata mahali pa kuuweka woga wao. Mwingine akasema Bonge hataki wenzake wafanane naye. Mwingine akasema siku zote alikuwa anamwona ni mchoyo.

"Nilijua tu," wifi alisema kutoka chini. Sauti ilikuwa ndogo, lakini sumu yake ilikuwa nzima. "Nimekuita Bonge miaka yote, sasa ndiyo unanilipizia. Unataka upendeze peke yako."

"Wifi yangu, kiangalie hiki kidole."

"Kidole kinahusu nini na tumbo langu?"

"Twende hospitali. Mimi na wewe, sasa hivi. Nitakushika mkono."

"Nenda wewe mgonjwa. Mimi draya yangu haijaisha."

Wakacheka tena. Walimwinua wifi, wakamrudisha kwenye kiti chake, wakamfunika kichwa kwa ile mashine ya moto. Madam alimletea kikombe kingine, na Bonge aliuona ukijani wake ukizunguka kwa juu. Akaenda kukinyang'anya. Wifi alikishikilia kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeporwa njiani, na nusu ikamwagika mapajani.

"Mwone alivyo na roho mbaya!" wifi alipiga kelele. "Kaka yangu atayasikia haya, leo hii!"

Madam akamshika Bonge kiwiko, akamvuta mpaka kwenye beseni. "Umemaliza?" alimuuliza kwa sauti ya chini. "Rudi kwenye kichwa cha mteja. Na hizo nywele zishushe usoni, unatisha watu."

Bonge alitazama mkono wa Madam uliomshika. Vidole vilikuwa vimezunguka kiwiko chote na kukutana. Zamani mkono ule usingefika hata nusu. Madam naye akaona, akakiachia.

Bonge akafungua aproni, akaiweka juu ya kiti, akachukua mkoba.

"We! Na nusu kichwa changu?" muuza vitambaa aliuliza.

"Mwacheni," alisema Madam. "Atarudi. Ataenda wapi?"

Nje jua lilikuwa kali. Alitembea akigusa kuta za maduka. Njia ya hospitali inapita mbele ya karakana ya matairi, na mume wake alikuwa ameketi pale na wenzake, mikono myeusi kwa mpira na grisi. Alipomwona aliinuka, ametabasamu, amejaa fahari.

"Mrembo! Unawahi wapi mchana huu?"

"Hospitali," Bonge alisema. "Naumwa, mume wangu. Naumwa siku nyingi. Hiki mnachokisifu ni ugonjwa."

Tabasamu lilikaa usoni pake muda kidogo, kama limesahauliwa. Kabla hajamtazama mkewe, aliwatazama kwanza wenzake, kuona kama wamesikia.

Bonge hakumsubiri. Alishika njia inayopanda hospitali, taratibu, akisimama penye kivuli kupata pumzi, kisha akiendelea. Saluni hakurudi, siku ile wala siku nyingine.