Farasi Asiye na Kichwa

Farasi wa kwanza aliingia nyumbani kwetu, mtaa wa Iftin, akiwa ndani ya kasha la karatasi ngumu, na mama yangu akadhani nimeletewa viatu. Nilipomtoa na kumsimamisha juu ya cherehani, mweupe, mkubwa kiasi cha paka, shingo ameikunja na mdomo umeachama kidogo, mama alirudi nyuma akavuta shali akajifunika mdomo.

"Mtoe," alisema. "Tunasali humu."

Nilijua ningeambiwa hivyo. Mama alifundishwa tangu utotoni, huko Wajir walikokuwa wakichunga, kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sanamu ya kiumbe chenye uhai. Kwake hilo halikuwa jambo la kubishania. Hata mdoli wa binti wa jirani uliwahi kuachwa mlangoni, umeketi juu ya ndara, mpaka wageni walipoondoka. Lakini mimi nilimhitaji farasi yule, nami si mtu wa kuachia kitu kirahisi.

Nilikuwa nimeshona hijabu na sare za shule kwa miaka mingi, hadi nikawa naweza kushona huku nikigombana na mtu. Kisha jamaa yetu aliye ughaibuni akaniambia kuna watu wazima huko wanaokusanya farasi wa plastiki, wanawavisha mavazi ya farasi wa Waarabu wa zamani, halafu wanawapeleka mashindanoni. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Aliponitumia picha niliacha kucheka. Tandiko la zari lilitosha kufunika kiganja tu. Hatamu zilikuwa nyembamba kama njiti ya kiberiti. Kifuani pa farasi vilining'inia vishada vya sufu, safu juu ya safu, na aliyempanda alivaa joho lenye urefu wa shubiri moja. Nikajiambia, hii kazi naiweza, tena naiweza kuwashinda.

Mteja wangu wa kwanza, mwanamke mzee wa huko, ndiye aliyenitumia farasi huyo, mkuukuu, rangi imembanduka mgongoni, niwe napimia mavazi juu yake. Alisema nimfanye nitakavyo.

Aliyetutoa kwenye mzozo ni habaryar, mdogo wake mama, anayekaa mtaa wa Galbet. Alikwenda kumuuliza ustadhi wa madrasa, akarudi na jibu lililompendeza kila mtu: kitu kikiondolewa kichwa hakina uhai tena, ni kama gogo la mti. Mwili unaweza kukaa ndani. Kichwa kikae nje.

Basi tukamwita fundi wa vitanda wa ng'ambo ya barabara, mtu wa Ukambani, mpole sana. Mimi na mama tulizungumza Kisomali siku zote, na maneno aliyoniambia humu nimeyageuza mwenyewe, lakini kwa fundi alitumia Kiswahili chake cha sokoni.

"Fundi, kata bole bole. Hii farasi ni ya watu."

"Nikate kama mbao ama kama mbuzi, mama?"

"Kama mbuzi. Geuza yeye kibla."

Fundi alinitazama. Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya shungi nisicheke. Akamlaza farasi ubavu juu ya benchi, akamgeuza, akauliza, "Na yale maneno? Mimi ni wa kanisa."

"Wewe kata tu. Bismillahi nitasema mimi."

Akaisema, kwa sauti ileile aliyotumia siku za Idi, na msumeno ukaanza kuuma shingo. Unga mweupe ulimwagikia viatu vya fundi. Kichwa kilipodondoka kilibingirika kidogo, kikatulia macho yakitazama juu, meusi, yanang'aa, na kicheko chote kikaniishia. Tulisimama pale watatu, watu wazima, kama tumefanya kosa ambalo hakuna aliyelijua jina lake.

Ukitaka kujua taabu, jaribu kushona hatamu ya farasi ambaye kichwa chake kinaishi kwa mbuzi. Nilikiweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga, nikautundika kwenye mwamba wa banda nyuma ya nyumba. Kila mkanda wa uso ulinitaka niinuke, nivuke ua kwenye jua lile, nipime, nirudi, nikate ngozi ya mbuzi kwa wembe, nitoke tena. Vibano vya hatamu nilivikunja kwa waya wa shaba wa redio mbovu. Siku moja mbuzi walikula vishada viwili vyekundu vya paji la uso, na mama akasema ni haki yao, kwani nilikuwa kwao.

Yeye mwenyewe alikwisha kuingia kazini bila kukubali kwamba ameingia. Utotoni alisuka kamba za ngamia wa mizigo, na alipoona ninavyosuka hatamu alininyang'anya uzi. Akaketi, akabana ncha kwa kidole gumba cha mguu, akasuka kwa nyuzi nne, akivuta kila baada ya pindo tatu. Hatamu ile ilikuwa ya mviringo, laini, haina mwanzo wala mwisho unaoonekana. Sijaweza kuiga mpaka leo.

Kisha akaugua kifua. Hospitali walimtibu, wakamrudisha, wakatuambia tumtunze. Tulihamishia kitanda chake kwenye chumba changu cha kushonea kwa sababu kina dirisha kubwa. Hakutaka niondoke. Nikienda jikoni aliita, nikienda uani aliita zaidi. Mwanamke wa ughaibuni naye alikuwa na mashindano yake, na kilichobaki kilikuwa hatamu ya uso peke yake.

Niseme nilivyofanya. Nilikwenda bandani, nikakitoa kichwa kwenye mkebe, nikakifunga kwa kitambaa, nikakiingiza ndani na kukitia kwenye droo ya cherehani. Droo ile ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye mto wa mama. Alipolala nilikitoa nikapima. Alipojigeuza nilikirudisha. Nilijiambia ni siku mbili tu, na kwamba nafanya hivyo nisimwache peke yake. Yote mawili yalikuwa kweli kiasi. Zaidi ya hayo, nilitaka kazi yangu iishe, nilitaka isifiwe.

Tangu hapo chumba kilibadilika. Mwili wa farasi ulikuwa kwenye rafu, umevaa kila kitu, zari na vishada, na juu ya mabega hakuna chochote. Niliugeuza uelekee ukutani. Nikirudi na uji nilikuta ile shingo iliyokatwa imeelekea kitandani. Bila shaka ni mimi niliyeigeuza nikipima nikasahau. Bila shaka. Lakini nilianza kukohoa kidogo kabla ya kuingia, kama mtu anayeingia penye wageni.

"Kuna mtu ananiangalia," mama alisema adhuhuri moja.

"Ni mimi, hooyo."

"Si wewe. Wewe unaangalia sindano yako."

Baadaye akauliza kile kichwa kiko wapi. Nikasema kiko kwa mbuzi. Siku iliyofuata akauliza tena, nikajibu vilevile, tena kwa ukali kidogo, kama ninayechoshwa. Nilikuwa nimemaliza kupima tangu Jumatatu na sikuifungua droo tena. Ningeweza kukitoa nje wakati wowote. Niliogopa kwamba nikipita nacho ataamka, ataona, na atajua kuwa siku zote zile nilikuwa nikimdanganya.

Alhamisi alikuwa na nguvu kidogo. Alinywa maziwa, akaomba nimwinue. Kwetu mama naye humwita mwanawe hooyo, yaani mama, na aliniita hivyo, polepole.

"Hooyo, kile kichwa. Kiko humu ndani?"

"Hakiko."

"Kabisa?"

"Wallahi hakiko, hooyo. Kiko bandani."

Alinitazama kwa muda mrefu. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilinishangaza. Kisha akasema, "Haya. Nimekusikia," akaniomba nimlaze.

Ijumaa, baada ya alasiri, pumzi zake zilibadilika. Chumba kilijaa wanawake, Yasini ikasomwa, habaryar akawa anamlowesha midomo kwa pamba. Mimi nilikuwa sakafuni, mgongo wangu nimeuegemeza kwenye ile droo. Nilifikiri: kitoe sasa. Inuka, kitoe, kitupe dirishani, malaika waingie. Lakini kuifungua mbele ya wote ilikuwa ni kuonyesha uongo wa kiapo changu. Nikakaa vilevile, nikiikandamiza kwa mgongo, mpaka habaryar aliponyoosha mkono akamfumba mama macho.

Siku ya tatu, watu walipopungua, nilifungua droo. Nilikuwa nimekusudia kukichoma moto. Kichwa kilikuwa mahali pake, hatamu yangu iko puani, ila juu ya macho kilikuwa kimefungwa kitambaa cheusi, kimezungushwa vizuri na kupigwa fundo nyuma ya masikio. Nilikijua kitambaa kile. Kilikuwa kipande cha shashi ya mama, ile aliyojifunga kichwani kila siku ya maisha yake ya ndoa na ya ujane.

Niliketi sakafuni nacho. Habaryar alinikuta pale chini, akakiona mkononi mwangu, naye akaketi.

"Ni mimi niliyefunga," alisema. "Nilikuwa natafuta wembe nimkate kucha. Nikafungua, nikapiga kelele, wewe ulikuwa umekwenda dukani. Nikataka kukitupa. Akanikataza. Akasema, ni kazi ya mtoto, mwache amalize, kifunge macho tu kisinitazame. Akachana shashi yake mwenyewe."

"Siku gani?"

"Jumanne."

Alisema mengine, kwamba uso ukifunikwa inatosha, kwamba Mungu ni mwenye kusamehe, kwamba dada yake aliondoka kwa wepesi. Nilimwacha aseme. Nilikuwa nahesabu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza," habaryar alisema. "Alisema utasema mwenyewe. Alisema anakuuliza kila siku, ili upate nafasi."

Zamani niliogopa habari ya malaika. Sasa hiyo naiona ndogo, nimemwachia mwenye kuijua. Kinachoniandama ni yale macho ya Alhamisi, yasiyo na hasira, yakinitazama niape jina la Mungu kuhusu kitu ambacho yeye alijua kiko hatua mbili kutoka kwenye mto wake.

Mavazi yalikwenda ughaibuni na yalisifiwa. Wateja wamekuwa wengi, ila siku hizi nawaomba vipimo kwenye karatasi tu. Cherehani iko palepale, na kitanda tumekitoa. Ikifika adhuhuri, nyumba ikiwa kimya, swali huja kwa sauti yake, polepole, kama aliyeinuliwa kwenye mto. Nami huacha sindano na kujibu kwa sauti, hata kama jirani atanisikia.

"Kiko humu, hooyo. Nilikileta mimi."