Miguu Chini ya Meza

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akifungasha mabeseni tangu mimi nikiogeshwa ndani ya beseni. Kiwanda chetu kinatengeneza mabeseni na ndoo za plastiki, na ukimsikiliza yeye utadhani wenye kiwanda walikuwa wanamsaidia tu. Ndiye aliyeniingiza kazini, tukakaa meza moja ya kufungasha, na tangu siku hiyo sikuwa na siri tena. Nikiamka nimenuna, kabla ya chai ukumbi mzima unanibembeleza.

Bosi wa zamani alikuwa mzee mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, mkali kweli, lakini alimjua kila mtu na mgonjwa wake. Alipostaafu tukaletewa kijana ambaye Shangazi alimpachika jina la Dakika, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Wiki yake ya kwanza, Dakika alitundika bango kubwa ukutani: "Sisi Sote ni Familia Moja." Siku hiyohiyo akaondoa mabenchi tuliyokuwa tukipumzikia.

"Familia gani hii haina hata pa kukaa?" Shangazi aliuliza kwa sauti.

Watu wakacheka. Kisha zikafungwa kamera juu ya meza, na watu wakaacha kucheka.

Likafuata la salamu. Dakika aliona tunapoteza muda kujuliana hali, akaamuru salamu iwe moja, fupi, na kazi iendelee. Angemkataza Shangazi kupumua ingekuwa nafuu. Huyu ni mtu asiyeweza kukuomba mkasi kabla hajajua umeamkaje, watoto wameamkaje, na kile kikohozi cha mama yako kimefikia wapi. Basi akabuni salamu za mafungu. Asubuhi akipita na toroli anakuachia "hujambo". Akirudi na toroli tupu, "na watoto?" Kikohozi cha mama kinasubiri zamu ya kwenda chooni. Ilifika mahali mtu anaitikia "hajambo" jioni, na hakuna anayekumbuka aliyeulizwa ni nani.

Nilicheka sana, ila si yote yalikuwa ya kuchekesha. Fundi wa mashine alifiwa na mkewe, nasi tukajua baada ya wiki nzima. Mama Mapacha, shoga yake Shangazi wa miaka na miaka, alivishwa kofia nyeupe ya usimamizi na kuonywa asizoeane na watu. Akawa anatembea mikono nyuma, na akifika kwenye meza yetu anatazama dari. Shangazi alijifanya hajali, lakini lilimuuma.

Lililomkosesha usingizi hasa lilikuwa kuagwa. Kwetu, mtu akistaafu alitolewa kwa beseni. Lilikuwepo moja jekundu, lenye ufa, lililotunzwa chini ya meza yetu kwa kazi hiyo tu. Mashine zilizimwa kidogo, Shangazi akalipiga beseni, na kila mtu akapiga alichokuwa nacho mpaka mstaafu afike getini. Shangazi ndiye aliyewatoa wote. Hata yule mzee wa funguo alitolewa na yeye, na mzee alilia mpaka akaondoka na funguo za kiwanda.

Sasa zamu ya Shangazi mwenyewe ilikuwa imekaribia. Dakika alikwishaamuru kila kilichopasuka kisagwe, na beseni jekundu likasagwa pamoja na takataka nyingine. Kuzima mashine ndiyo usiseme. Shangazi aliambiwa kwamba ataagwa kwa ujumbe kwenye kundi la simu, wenye picha ya maua.

"Maua ya kwenye simu niyanuse vipi?" aliniuliza nyumbani, tukacheka. Halafu akanishika mkono. "Mwanangu, nimewatoa watu wote pale. Mimi nitoke kimyakimya kama mwizi?"

Siku ya mwisho alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani mbele yangu. Hakuna aliyeinua kichwa. Kamera zilikuwa juu yetu, na mimi niliinama kama wengine. Akaanza kutembea kati ya meza, polepole, akitazama mbele.

Mama Mapacha alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi, mikono nyuma, macho darini. Shangazi alipompita, buti la Mama Mapacha liligonga sakafu. Likagonga tena, mara mbili haraka. Ulikuwa mdundo wa beseni jekundu. Uso wake haukutikisika hata kidogo.

Mguu wangu ukaitikia kabla sijauruhusu. Ukafuata wa jirani yangu, kisha meza nzima, kisha ukumbi mzima. Mikono ilifungasha, vichwa viliinama, na chini ya meza, ambako kamera hazifiki, sakafu ilitetemeka.

Dakika akatoka ofisini mbio. Akatazama mikono yetu, ikamridhisha. Akatazama mashine, akamwita fundi.

"Kuna mashine inagonga! Huisikii?"

Fundi, yule aliyefiwa, alitega sikio kwa makini.

"Naisikia, bosi. Ni ya zamani hiyo. Iache, itanyamaza yenyewe."

Shangazi alifika mlangoni machozi yakimtiririka, hata hakuyafuta. Akaweka kidole kwenye kimashine alichokifunga Dakika cha kuhesabia wanaoingia na kutoka, nacho kikasema kwa sauti yake ya kike, "Asante. Tuonane kesho."

Shangazi hakuondoka. Akakiinamia, akakisalimu salamu nzima bila kukata: kimeshindaje, nyumbani hawajambo, watoto je, na mama anaendeleaje na kikohozi. Nyuma yake miguu iliendelea, na hakuna aliyeacha mpaka alipomaliza.